Mashine ya Kukaushia Nguo Isiyotaka Kusimama

Kufua ni nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kukausha. Mama wa nyumbani anayekaa Dodoma au Garissa huenda asilione neno hili kuwa na uzito, kwani kwake jua humaliza kazi hiyo mapema tu. Lakini yule anayekaa Kamembe, katika wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, analifahamu vizuri. Mji huo umekaa juu ya vilima vinavyotazama ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, karibu na mahali ambapo mto Rusizi hutoka ziwani na kuitenga Rwanda na Kongo. Ng'ambo ya pili ni Bukavu. Upande wa mashariki kuna msitu mkubwa wa Nyungwe, ambao mwaka 2023 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Ziwa upande mmoja, msitu upande wa pili: wingu halikosi pa kutokea.

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, majira ambayo wenyeji huyaita Impeshyi, kamba ya kuanikia nguo inatosha kabisa. Lakini linapoingia Itumba, yaani mvua za kati ya Machi na Mei, shati lililofuliwa Jumamosi huweza kuifikia Jumatatu likiwa bado na unyevu kwenye kola na mapindo. Na askari hawezi kukaguliwa kwenye mstari akiwa amevaa sare inayonuka uvundo. Ndiyo sababu mashine ya kukaushia nguo, ambayo kwa kawaida ni chombo cha mahoteli, hospitali na madobi wakubwa, hutamaniwa pia na familia chache zinazoweza kuipata, hata ikiwa imekwisha tumika kwingine.

Mashine hiyo ni mtumishi mwema. Lakini kama ilivyo kwa kila mtumishi, yafaa kujua jinsi anavyopokea amri, na zaidi jinsi anavyopokea amri ya kusimama.

USIKU ULIOKUWA NA KELELE

Msomaji na atazame yaliyotokea katika nyumba moja ya askari polisi mjini Kamembe, kwa kuwa yanaweza kutokea katika nyumba yoyote. Bwana wa nyumba hiyo alikuwa akifanya zamu za usiku. Bibi yake alikuwa dobi: alifua mashuka ya wageni na sare za majirani, na fedha hizo ndizo zilizonunua madaftari ya watoto. Baada ya msimu mzima wa mvua kumpotezea wateja, alidunduliza hata akanunua mashine ya kukaushia nguo iliyokwisha tumika. Iliwekwa katika chumba kidogo kilichopakana na chumba walimolala watoto. Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri. Nguo ziliingia mbichi, na baada ya saa moja na dakika chache kengele ikalia na pipa la mashine likasimama. Kisha, usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, mashine haikusimama.

Iliwashwa saa mbili usiku. Saa nne ilikuwa ingali inazunguka. Saa sita, bwana aliporudi kutoka lindoni, aliisikia tangu mlangoni.

“Mama Watoto, mashine hii inakausha nguo za kikosi kizima?”

“Ni mashuka sita tu, Baba Watoto, yale yale ya jioni. Nimekitazama kile kitasa cha saa yake mara tatu. Kimekaa palepale kama kilichopigiliwa msumari.”

“Basi iache. Itachoka.”

“Kitu kisicho na mwili hakichoki,” alijibu bibi huyo. Akaenda ukutani, akaizima swichi, akachomoa plagi.

Alifanya jambo lililokuwa la haki kabisa. Mashine ikikataa kusimama, jambo la kwanza si kubonyeza vitufe ovyo, wala kuipiga teke, wala kuiombea usingizi uipate. Jambo la kwanza ni kuikatia umeme: plagi ichomolewe, na ikiwa plagi haifikiki, swichi kuu ya nyumba izimwe. Jambo la pili, ambalo wengi hulisahau, ni kuzitoa nguo mara moja na kuzitandaza moja moja. Mashine inayofanya kazi sawasawa hutumia dakika zake za mwisho kuzungusha nguo bila joto ili zipoe. Iliyokatiwa umeme ghafla haikupata nafasi hiyo. Rundo la pamba lenye joto likiachwa limejifungia ndani ya pipa, joto halina pa kutokea, nalo huweza kuzidi badala ya kupungua.

Bibi huyo alipoyatandaza mashuka juu ya viti na meza, aligundua jambo lililomshangaza. Mashuka ya nje yalikuwa makavu na ya moto. Lakini shuka la ndani kabisa, lililojiviringa katikati ya mengine kama mpira wa matambara, lilikuwa bado bichi. Baada ya saa nne! Hakusema neno, ila alilikumbuka kulipokucha.

Gharama nayo haikuwa ndogo. Waya wa joto katika mashine za nyumbani aghalabu hutumia wati 2,000 hadi 2,500. Mashine ya wati 2,500 ikiunguza joto lake kwa saa nne mfululizo, hula uniti 10 za umeme. Ikiachwa kutoka saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, yaweza kula uniti 25. Nyumba inayonunua umeme wake kabla ya kuutumia, na ambayo bei yake hupanda kadiri matumizi yanavyoongezeka, huiona hasara hiyo kwenye mita asubuhi ileile.

AMRI YA KUSIMAMA HUTOKA WAPI?

Mnamo mwaka 1800 Mfaransa mmoja aliyeitwa Pochon alitengeneza pipa la chuma lenye matundu, likazungushwa kwa mkono juu ya moto huku nguo zikiwa ndani. Nguo zilinuka moshi, na nyingine ziliungua. Lakini chombo hicho hakikuwa na tatizo la kutosimama. Mkono ulipochoka, pipa lilitulia. Baadaye, huko Dakota ya Kaskazini nchini Marekani, J. Ross Moore alichoka kumwona mama yake akianika nguo nje katika baridi kali, akaanza kubuni mashine ya kufanya kazi hiyo. Mwaka 1938 kampuni ya Hamilton ya jimbo la Wisconsin iliiuza mashine iliyotokana na kazi yake, ikaipa jina la “June Day”, yaani siku ya Juni. Mtu wa Kamembe angelielewa jina hilo bila mkalimani, kwani Juni ndipo jua linaporudi juu ya Kivu.

Tangu mkono ulipoiachia mota, swali likawa moja: mota haichoki, basi nani ataiambia kwamba kazi imekwisha? Majibu yamekuwa matatu.

Jibu la kwanza ni saa. Mtumiaji hugeuza kitasa hadi dakika 40 au 60, na saa hiyo hurudi pole pole mpaka sifuri. Ikifika, hukata umeme, nguo ziwe kavu au mbichi. 

Jibu la pili ni joto. Maji yaliyomo ndani ya nguo hunyonya joto yanapogeuka mvuke. Kwa hiyo nguo zikiwa mbichi, hewa inayotoka kwenye pipa huwa na joto la wastani tu. Nguo zikianza kukauka, hewa hiyo hupanda joto. Kuna kidude kiitwacho thamostati kinachoipima hewa hiyo. Katika mashine nyingi za mtindo wa zamani, saa haitembei wakati waya wa joto unafanya kazi. Hewa ikifikia kiwango kilichowekwa, thamostati hukata joto, na hapo ndipo saa inapoanza kusogea. Hewa ikipoa, joto hurudi na saa husimama tena. Kadiri nguo zinavyokauka, ndivyo saa inavyopata nafasi nyingi zaidi ya kusogea, hata ifike mwisho.

Jibu la tatu ni unyevu wenyewe. Ndani ya pipa la mashine mpya kuna vipande viwili vyembamba vya chuma vilivyokaa sambamba. Nguo mbichi ikivigusa, umeme kidogo sana hupita katika unyevu kutoka kipande kimoja hadi kingine. Nguo kavu haipitishi. Ubongo wa mashine huhesabu miguso hiyo, na miguso ikikoma huamuru kusimama.

Sasa askari anaweza kuifahamu mashine hii kwa haraka kuliko mtu mwingine. Mashine isiyosimama ni kama mlinzi ambaye haondoki lindoni mpaka apokewe. Huyo si mkaidi. Amri ya kumwondoa haijamfikia. Anayetaka kulitatua jambo hilo hana haja ya kumlaumu mlinzi. Atafute amri imekwama wapi: kwa mtoaji, njiani, au kwa mpokeaji.

MASWALI MATATU KABLA YA KUMWITA FUNDI

Lipo swali dogo linalotangulia yote: je, ni kweli kwamba haisimami? Mashine nyingi za siku hizi, zikimaliza kazi, huzungusha pipa kwa sekunde chache kila baada ya dakika kadhaa ili nguo zisijikunje. Desturi hiyo huweza kuendelea kwa saa nzima au zaidi, bila joto. Mlango ukifunguliwa na nguo zikatolewa, hukoma. Huo si ubovu. 

Ikiwa sivyo, maswali matatu yaulizwe kwa zamu, mchana, na mtu mzima akiwa amesimama karibu.

Swali la kwanza: je, mlango ukifunguliwa mashine inasimama? Inapaswa kusimama mara moja, kwani kuna swichi kwenye mlango inayokata umeme wa mota. Ikiwa pipa linaendelea kuzunguka mlango ukiwa wazi, au kitufe cha kuzima hakisikilizwi, basi kuna swichi au rilei ambayo midomo yake ya shaba imeungana kwa joto, haiachani tena. Hapo hapana jaribio la pili. Plagi itoke, na mashine isitumike hadi kifaa hicho kibadilishwe. Nyumba yenye watoto wadogo isiuchukulie ubovu huu kwa mzaha. Mkono wa mtoto ni mwepesi kuliko macho ya mama.

Swali la pili: je, saa inatembea? Mashine iwekwe kwenye kipimo cha dakika, tuseme 20, si kile cha kujiamulia yenyewe, na ndani mwake viwemo vitambaa vichache vyenye unyevu. Ikisimama kwa wakati wake, saa ni nzima. Kitasa kisiposogea hata kidogo, saa imekufa. Kikisogea lakini kwa uvivu, msomaji atazame kibati kilichopigiliwa nyuma ya mashine. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutarajia umeme wenye mitetemo 60 kwa sekunde, lakini umeme wa Afrika Mashariki una mitetemo 50. Saa inayoendeshwa kwa mitetemo hiyo itahesabu dakika 60 katika muda wa dakika 72, hata kama umenunuliwa mtambo wa kulinganisha volti. Wale wanaoletewa vyombo na ndugu walio ng'ambo wakisome kibati hicho kabla mzigo haujapakiwa.

Swali la tatu: je, joto linafika, na hewa inatoka? Hapa ndipo penye siri ya mashine nyingi zinazosingiziwa ubovu wa saa. Chujio la nyuzinyuzi likiwa limejaa, au bomba la kutolea hewa likiwa limeziba, hewa hukwama. Sehemu iliyo karibu na waya wa joto huwaka kupita kiasi, na kidude kingine cha usalama huukata waya huo ili kuepusha moto. Wakati huohuo hewa inayoifikia thamostati kule mwishoni ni kidogo na ya uvuguvugu. Thamostati husema, “Bado.” Saa haisogei. Pipa huzunguka usiku kucha.

Umeme wenyewe ukiwa dhaifu huleta matokeo yaleyale. Joto la waya halipungui sawa na volti. Hupungua haraka zaidi. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, waya wa joto hutoa kiasi cha asilimia 68 tu ya nguvu yake. Karibu theluthi moja ya joto imepotea, na mtumiaji haoni chochote ila taa kufifia kidogo. Ni ajabu kidogo kulifikiria jambo hili katika Kamembe, mji ulio jirani na mitambo ya umeme ya mto Rusizi, ukiwamo ule wa Ruzizi ya Pili uliofunguliwa mwaka 1989 kwa ushirika wa Burundi, Rwanda na nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Lakini maji ya mto kuwa karibu hayafanyi waya wa mtaa kuwa mnene. Saa za jioni, kila jiko na kila pasi inapowashwa, nyumba iliyo mwisho wa waya huweza kupata mabaki.

Kwa mashine yenye vipande vya kupima unyevu, navyo vitazamwe. Maji ya kulainishia nguo huacha utando kama nta juu ya chuma. Utando huo huzuia umeme kupita, na mara nyingi huifanya mashine isimame mapema, nguo zikiwa bado mbichi. Lakini nyuzinyuzi zenye unyevu zikikwama katikati ya vipande hivyo viwili, au waya zake zikigusana kwa nyuma, mashine itadhani daima kuna nguo mbichi. Kitambaa kilichoguswa na siki kidogo, kisha kingine kikavu, vyatosha kuvisafisha, plagi ikiwa nje.

SHAURI LA FUNDI NA JIBU LA DOBI

Kesho yake fundi aliitwa katika ile nyumba ya Kamembe. Alifungua kifuniko, akapima hapa na pale, akasema kwamba joto linakatika kabla ya wakati wake.

“Mama, kuna kidude hapa kinachokata umeme wa joto. Nikikiruka, nikaunganisha waya moja kwa moja, mashine itachemka vizuri na kazi itakwisha mapema. Sitakudai fedha nyingi.”

“Na kidude hicho, fundi, kiliwekwa kwa ajili ya nini?”

“Ni cha kuzuia moto. Lakini mashine nyingi zinatembea bila hicho.”

“Hizo nyingi hazilali ukuta mmoja na watoto wangu. Kwanza nieleze kwa nini kinakata.”

Swali hilo lilistahili kuandikwa kwa chaki ubaoni. Fundi yule hakuwa mwovu. Alitaka kumridhisha mteja. Lakini kidude cha usalama kinachokata umeme kimeleta habari. Anayekinyamazisha amemfunga mdomo mlinzi kwa sababu amepiga king'ora.

Bibi akaeleza habari ya lile shuka bichi. Fundi alinyamaza kidogo, kisha wote wawili wakaivuta mashine kutoka ukutani. Siku chache kabla yake kabati lilikuwa limehamishwa, na mashine ikasukumwa nyuma ili kulipisha. Bomba lake la kutolea hewa, lile jembamba la kukunjika, lilikuwa limebanwa likawa bapa kama mkanda. Nyuma ya mahali palipobanwa palikuwa na shindilio la nyuzinyuzi za kijivu, kubwa na laini kama kiota cha ndege. Jaribio la dakika 20 lilionyesha kwamba saa ilikuwa nzima.

Basi mashine ilikuwa imesema kweli usiku kucha. Haikusimama kwa sababu nguo hazikuwa zimekauka, na nguo hazikukauka kwa sababu hewa haikuwa na njia. Bomba lilisafishwa na kunyoshwa, mashine ikaachiwa nafasi ya upana wa kiganja na zaidi, na kazi kubwa ya mashuka ikahamishiwa saa za mchana, umeme unapokuwa na nguvu. Mashuka sita yakakauka kwa saa moja na dakika kumi. Bibi alimlipa fundi ujira wa kazi yake, wala hapakununuliwa kifaa hata kimoja. Lau kidude kile kingerukwa, mashine ingechemka kweli, na kile kiota cha nyuzinyuzi kingekuwa ndicho kuni.

MOTO HAUNA MZAHA

Hayo si maneno ya kutisha watu bure. Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia mambo ya moto ilikadiria kwamba kati ya mwaka 2008 na 2010 mashine za kukaushia nguo zilianzisha mioto ipatayo 2,900 majumbani kila mwaka, ikaua watu 5 na kujeruhi 100 kwa mwaka. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 34, ilikuwa kutosafisha mashine. Mjini London, tarehe 19 Agosti 2016, jengo refu la makazi katika eneo la Shepherd's Bush liliwaka moto ulioanzia kwenye mashine ya kukaushia nguo katika fleti moja. Zimamoto wa mji huo wamekuwa wakiwasihi wananchi wasiiache mashine kama hiyo ikizunguka wakati wamelala au wametoka.

Kwa hiyo familia na iyashike machache haya. Chujio lisafishwe kila baada ya mzigo mmoja, si kila baada ya wiki. Bomba lifunguliwe na kutolewa nyuzinyuzi mara kwa mara, hasa katika msimu wa mvua mashine inapofanya kazi nyingi. Ovaroli yenye petroli au grisi, na matambara ya jikoni yenye mafuta ya kupikia, yasiingie kabisa. Mafuta hubaki katika pamba hata baada ya kufuliwa, na yakipata joto huweza kujiwasha yenyewe. Mashine isiwashwe na kuachwa watu wakaenda kulala. Ikitokea moshi unatoka ndani, mlango wake usifunguliwe, kwa kuwa hewa mpya hulisha moto. Umeme ukatwe kwenye swichi kuu, maji yasimwagwe kabla ya hapo, watoto watolewe nje, na msaada uitwe. Nchini Rwanda namba ya dharura ya polisi ni 112.

KAMBA YA NGUO HAIJASTAAFU

Mashine ikiwa mgonjwa, dobi hurudia kamba. Lakini kamba ya msimu wa mvua ina adui wake, naye ni yule inzi anayetaga mayai katika nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini. Mayai hayo huangua funza wadogo wasioonekana vizuri kwa macho, nao huingia katika ngozi ya mvaaji na kufanya jipu. Mama asiyejua hudhani mtoto ana majipu ya kawaida. Dawa yake ni pasi ya moto ipitishwe pande zote mbili za nguo, hasa kwenye mapindo, mishono na mkanda wa suruali, pamoja na nepi na nguo za ndani. Nguo ikiwezekana ianikwe ndani, karibu na dirisha lenye wavu na hewa inayopita. Mtu asiianike juu ya mkaa katika chumba kilichofungwa, kwani hewa ya mkaa huua bila kunusika.

Yote haya, msomaji atakubali, hayahitaji elimu ya chuo. Yanahitaji subira ya kuuliza swali moja kabla ya lingine: mlango, saa, joto na hewa. Mtu akimaliza maswali hayo ataweza kumwambia fundi, kwa maneno machache, ni wapi amri imekwama. Naye fundi mwaminifu atashukuru kwa kupunguziwa kazi. Na asiyekuwa na mashine bado anaweza kulichukua swali la yule dobi wa Kamembe na kulitumia kwa jiko, kwa pampu, au kwa pikipiki: kabla ya kukinyamazisha chombo kinachopiga kelele, kwanza kiulizwe kina habari gani.